Abu Nidal: kundi lililojitenga na Fatah, kisha likageuzia bunduki ndugu zake

Mwezi wa tisa mwaka 2025, polisi ya Mamlaka ya Palestina ilikamata muzee mumoja katika Ukingo wa Magharibi. Ufaransa ilikuwa inamutafuta kwa hati ya kimataifa tangu mwaka 2015, juu ya jambo ambalo vijana wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa lilipotokea. Tarehe 9 mwezi wa nane 1982, saa za muchana, watu walikuwa wanakula katika restora Goldenberg, rue des Rosiers, mutaa wa Wayahudi katikati ya Paris. Guruneti ikatupwa ndani. Kisha wanaume wenye bunduki wakaingia, wakamimina masasi, wakaendelea kufyatua mupaka inje ku barabara. Watu 6 wakafa, 22 wakaumia.

Mutu akisoma habari ile ya kukamatwa haraka-haraka, anaweza kupita bila kuona ajabu iliyo ndani. Kundi linaloshitakiwa kwa mashambulizi hayo lilijiita Fatah–Baraza la Mapinduzi. Dunia inalijua zaidi kwa jina la mukubwa wake, Abu Nidal. Na ile Mamlaka ya Palestina iliyotuma polisi inaongozwa na Mahmoud Abbas, mutu wa Fatah. Mwaka 1974, Fatah hiyohiyo ilimuhukumu Abu Nidal kifo bila yeye kuwapo, ikisema alikuwa amepanga kumuua nani? Mahmoud Abbas. Kwa hiyo hii siyo hadisi ya Waarabu na Wayahudi peke yake. Sehemu yake kubwa ni Wapalestina kuuana wao kwa wao, huku serikali za jirani zikilipa.

Jambo moja lisafishwe mbele ya kuendelea. Wengi mashariki ya Kongo wakisikia «Wapalestina» na «ndege» wanakumbuka Entebbe, mwaka 1976. Ile haikuwa kazi ya Abu Nidal. Ndege ya Air France iliyofikishwa kwa Idi Amin ilitekwa na watu wa Wadie Haddad, ambaye naye alikuwa amejitenga, lakini na chama kingine, PFLP ya George Habash. Miaka ile kujitenga kulikuwa kama surua: mumoja akishikwa, wengine wanafuata.

Jina la kuzaliwa la Abu Nidal ni Sabri Khalil al-Banna. Alizaliwa Jaffa mwaka 1937. Baba yake alikuwa tajiri wa mashamba ya michungwa, mwenye bibi wengi. Mama yake alikuwa musichana mutumishi wa nyumba mbele ya kuolewa, na baba alipokufa mwaka 1945, jamaa wakamufukuza mama. Mutoto akabaki kati ya watu ambao hawakumuhesabu sana. Miaka mitatu kisha, vita ya 1948 ikabeba na ile nyumba yenyewe: mashamba yakabaki ndani ya Israeli, jamaa ikakimbilia Gaza, ikaishi kambini, halafu ikahamia Nablus. Waliomuandikia maisha yake wanakawia sana ku hadisi ya mama, kama vile inaeleza yote. Inaeleza kidogo tu. Wapalestina karibu 700 000 walipoteza makao yao wakati ule, na hawakugeuka wote kuwa Abu Nidal.

Mwaka 1960 alienda kutafuta maisha Saudia, akafanya kazi ya kupaka rangi nyumba na ya umeme. Kule akaanza kukusanya vijana wa siasa, na kisha vita ya 1967 Wasaudia wakamufukuza. Akafika Amman, akafungua biashara, akaingia Fatah ya Yasser Arafat. Hakukuwa mupiganaji wa mustari wa mbele. Alikuwa mutu wa ofisi, musafi, mwenye kuheshimu saa, anayejua kupanga. Mutu aliyemuona kuwa na akili alikuwa Salah Khalaf, anayeitwa Abu Iyad, mukubwa wa upelelezi wa Fatah. Abu Iyad njo alimutuma Khartoum, Sudan, kuwa mwakilishi wa Fatah, kisha Baghdad mwaka 1970. Jina la Abu Iyad likumbukwe, maana litarudi.

Alipofika Baghdad hakukaa muda murefu mbele ya mambo kuharibika Yordani. Mwezi wa tisa 1970 jeshi la mufalme Hussein liliwapiga wapiganaji wa Kipalestina, na mwaka uliofuata likawamalizia inje ya inchi. Arafat alikubali kusimamisha vita ili aokoe kilichobaki. Abu Nidal akakamata mikrofoni. Kutoka Baghdad, ku redio ya Wapalestina wenyewe, Sauti ya Palestina, akaanza kuwashambulia viongozi wake kwamba ni waoga. Wanaofanya kazi ya redio wanajua maana yake: mutu anatumia chombo cha chama, kwa umeme wa inchi ya kigeni, kumutukana mukubwa wa chama, na hakuna anayekata waya. Pale njo mugawanyiko ulianza kweli, mbele hata ya risasi ya kwanza.

Risasi ya kwanza ilikuja tarehe 5 mwezi wa tisa 1973. Watu watano wenye silaha waliteka ambasade ya Saudia mujini Paris, wakaomba Yordani imufungue kamanda mumoja wa Fatah aliyekuwa buloko. Fatah yenyewe ilishituka. Abbas alipelekwa Baghdad kuuliza, na Wairaki hawakuficha kwamba wazo lilikuwa lao.

Mwaka 1974 ndio mwaka wa kuachana. Mwezi wa sita, baraza la PLO lilikutana Cairo na kukubali wazo la kusimika mamlaka ku sehemu yoyote ya inchi itakayokombolewa. Maneno yalikuwa ya kuzunguka, lakini kila mutu alielewa: PLO ilianza kufikiria kupokea sehemu, siyo yote. Mwezi wa kumi, viongozi wa Kiarabu wakakutana Rabat na kuitambua PLO kuwa mwakilishi peke yake wa Wapalestina. Mwezi wa kumi na moja Arafat akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa Fatah ule ulikuwa mulango unafunguka. Kwa Abu Nidal ulikuwa usaliti. Akatangaza kwamba Fatah ya kweli ni yake, akaongeza maneno «Baraza la Mapinduzi» nyuma ya jina, na Iraki ikamupa mali yote ya Fatah iliyokuwa ku udongo wake: kambi ya mazoezi, shamba, gazeti, redio, pasipoti, silaha, na hata bourse za wanafunzi. Hiyo ya bourse inastahili kutazamwa. Mwanafunzi wa Kipalestina aliyetaka kusoma Baghdad sasa alipaswa kupitia kwake. Kundi lilipata vijana bila kuhubiri sana.

Kama usaliti ndio ulikuwa hoja, mutu angengoja kuona kundi likipigana na Israeli kuliko Fatah. Haikuwa vile. Mwaka 1976 lilibadilisha jina, likajiita Juni Nyeusi, na kushambulia Siria, ambayo jeshi lake lilikuwa limeingia Lebanoni mwezi wa sita ule. Bahati nzuri kwa Baghdad, ambayo haikupatana na Damasko! Kisha likaanza kuwaua wajumbe wa PLO katika miji mikubwa: Said Hammami, London, mwezi wa kwanza 1978, Ali Yassin, Kuwait, mwezi wa sita, Ezzedine Kalak, Paris, mwezi wa nane. Issam Sartawi akauawa Portugal mwezi wa ine 1983, ndani ya hoteli ambamo vyama vya kisoshalisti vya dunia vilikuwa vinakutana. Ukiangalia orodha hiyo, Hammami na Sartawi walikuwa wanafanya kazi moja: kuzungumza kimya-kimya na Waisraeli waliotaka amani. Kundi lililosema linapigana na Israeli lilikuwa linafunga midomo ya Wapalestina wachache ambao Waisraeli walikuwa wanaanza kuwasikiliza.

Halafu ikafika tarehe 3 mwezi wa sita 1982. Ambasadeur wa Israeli mujini London, Shlomo Argov, alikuwa anatoka ku chakula cha jioni katika hoteli Dorchester. Kijana mumoja akamupiga risasi ya kichwa. Argov hakukufa, alibaki mulemavu, akaishi hospitalini mupaka mwaka 2003. Wapelelezi wa Israeli walijua upesi kwamba waliofanya hivyo ni watu wa Abu Nidal, maadui wa Arafat. Serikali ya Menachem Begin haikutaka kusikia tofauti hiyo, na mukubwa wa jeshi, Rafael Eitan, alilifanyia jina la Abu Nidal muzaha: kwake PLO ndiyo ilipaswa kupigwa. Tarehe 6, jeshi la Israeli likaingia Lebanoni.

Vita ile ilikuwa imetayarishwa zamani na waziri wa ulinzi Ariel Sharon. Risasi ya London haikuizaa, iliipa tarehe. Lakini tarehe ni kitu. Karibu mwaka mumoja kulikuwa na mapatano ya kusimamisha masasi ku mupaka wa kusini ya Lebanoni, na PLO ilikuwa inajikaza kuyashika ili isitoe kisingizio. Kisingizio kikatolewa na mutu asiyeifuata PLO hata kidogo. Mwezi wa nane, Arafat na wapiganaji wake walitolewa Beirut kwa mashua, wakasambazwa mupaka Tunisia. Wakimbizi waliobaki Sabra na Shatila hawakuwa tena na mulinzi. Mwezi wa tisa, wanamugambo wa Kikristo wa Lebanoni waliingia mule, jeshi la Israeli likiwa limezunguka, na kuua mamia ya watu, wanawake na watoto ndani yao. Kama kuko siku moja ambapo kundi dogo lililojitenga lilibadilisha historia ya taifa lake zima, ni ile jioni ya Dorchester. Rue des Rosiers ilifuata miezi miwili tu kisha.

Wakati uleule, Abu Nidal alikuwa anapoteza Baghdad. Saddam Hussein alikuwa katika vita na Irani, akahitaji feza za Waarabu wa Ghuba na uso muzuri mbele ya Marekani. Mwishoni mwa 1983 mugeni akaambiwa aondoke. Akaenda wapi? Siria, ileile aliyoipiga mabomu miaka saba mbele. Sasa aliyechukiwa ni Yordani, ambayo Siria haikuipenda, na wanadiplomasia wa Yordani wakaanza kupigwa risasi katika miji mingi. Siria ilipochoka naye mwaka 1987, akapokelewa na Muammar Gaddafi, Libya. Mapinduzi yalibaki yaleyale ku karatasi. Shabaha ilibadilika kufuatana na mwenye nyumba.

Feza zilitoka hata upande mwingine. Kundi lilitisha serikali na matajiri wa Ghuba: ulipe, ama ndege yako italipuka, ama ambasadeur wako atakufa. Mwaka 1983 ndege ya Gulf Air ililipuka na kuanguka ikikaribia Abu Dhabi, watu zaidi ya 100 wakafa wote, na kundi hili ndilo linalotajwa. Feza ziliwekwa ku benki BCCI, ofisi ya London, ile benki iliyoanguka kwa aibu mwaka 1991. Huko Warsaw kundi lilikuwa na kampuni ya biashara iliyouza silaha. Karibu na mwisho, mutu hangejua vizuri kama biashara inalisha mapambano ama mapambano yanalisha biashara.

Miaka ya 1985 mupaka 1988 ndiyo ilifanya jina lake kuogopwa kila pahali. Ndege ya EgyptAir ilitekwa na kushukishwa Malta, na watu karibu 60 wakafa makomando wa Misri walipoivamia. Tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 1985, vijana wakamwaga masasi saa moja ku viwanja vya ndege vya Roma na Vienna. Kati ya waliokufa Roma alikuwamo mutoto wa miaka 11. Mwezi wa tisa 1986, ndege ya Pan Am Karachi, na siku iliyofuata sinagogi ya Neve Shalom, Istanbul, ambamo waabudu 22 waliuawa wakiwa katika sala. Mwezi wa tano 1988 ikawa zamu ya Khartoum, muji aliouanzia kazi: bomu katika restora ya hoteli Acropole, nyumba ya kawaida ya kulala ya wafanyakazi wa misaada. Familia moja ya Waingereza waliokuwa wanasaidia wakimbizi ilikufa, baba, mama na watoto wao wawili. Wasudan pia walikufa. Serikali ya Marekani ilihesabu kwamba kundi lilipiga katika inchi 20, na kuua ama kuumiza watu karibu 900.

Hesabu hiyo haitie ndani wale ambao kundi liliwaua katika nyumba yake.

Kila kijana aliyeingia alipewa karatasi na kuambiwa aandike maisha yake yote kwa mukono: wazazi, shule, marafiki, safari, madeni. Kisha miezi aliambiwa aandike tena. Na tena. Maandishi yalilinganishwa, na penye hayakufanana palihesabiwa kuwa alama ya upelelezi. Nani anaweza kukumbuka maisha yake mara tatu bila kukosea tarehe? Mwaka 1987 na 1988 Abu Nidal, ambaye sasa alikuwa mugonjwa na alikunywa pombe nyingi, aliona wapelelezi kila upande. Watu wake waliotoroka wamesimulia usiku mumoja wa mwezi wa kumi na moja 1987 huko Lebanoni ya kusini, ambapo wanamemba karibu 170 walifungwa macho, wakapigwa risasi na kusukumwa katika kaburi moja. Wengine wengi waliuawa Libya. Kwa hesabu za waliotoroka, waliokufa ni karibu 600, katika kundi ambalo halikuwa kubwa sana. Hakuna jeshi la Israeli lililowahi kuliumiza vile.

Mwaka 1989 wakubwa wawili, Atef Abu Bakr na Abdel Rahman Issa, walitoroka, wakaanzisha uongozi wao wa dharura. Kundi lililojitenga sasa lilikuwa na waliojitenga nalo, na pande mbili zikapigana katika kambi za wakimbizi za Lebanoni. Wakaaji wa kambi wakazika tena vijana wao, safari hii hata bila kuelewa ugomvi unahusu nini.

Abu Iyad, yule aliyempa kazi ya kwanza, alikuwa amefikia kuamini kwamba Israeli ilikuwa na watu wake ndani ya kundi, wanaolielekeza. Mwandishi Muingereza Patrick Seale alilijaza wazo hilo katika kitabu chake cha 1992. Uhakikisho haukutolewa, na Israeli haikuhitajika sana ili kueleza mambo haya: woga wa mutu mumoja na feza za inchi tatu zilitosha. Lakini Abu Iyad hakuishi kukiona kile kitabu. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 1991, Tunis, mulinzi wa nyumba ambaye zamani alikuwa mutu wa Abu Nidal alimuua kwa risasi, pamoja na wakubwa wengine wawili wa Fatah. Siku tatu kisha Marekani ikaanza kupiga mabomu Iraki, na dunia haikupata wakati wa kuangalia maiti za Tunis.

Nyuma ya hapo kundi lilikuwa jina tu. Gaddafi, aliyetaka kutoka ku vikwazo vya Lockerbie, alimufukuza mwaka 1999. Abu Nidal akarudi Baghdad, na mwezi wa nane 2002 akafa kule kwa risasi. Mukubwa wa upelelezi wa Iraki aliwaambia waandishi wa habari kwamba alijipiga mwenyewe maaskari walipokuja kumuchukua. Wapalestina wengi walisema Wairaki ndio walimuua, maana Marekani ilikuwa inakaribia na mugeni huyu alikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 2017 Marekani ililiondoa kundi ku orodha yake ya magaidi, kwa kukosa kundi.

Inabaki hesabu ya Paris. Juu ya nini miaka 43 ikapita mbele ya kumukamata mutu? Jibu moja lilitoka kwa Mufaransa mwenyewe. Mwaka 2019 Yves Bonnet, aliyeongoza upelelezi wa ndani wa Ufaransa katika miaka ile ya 1980, alimuambia jaji kwamba kulikuwa na mapatano ya mudomo na watu wa Abu Nidal: wasishambulie tena ku udongo wa Ufaransa, na wao wataweza kuingia na kutoka bila kusumbuliwa. Familia za waliouawa zilipata habari hiyo ku magazeti. Serikali iliyowaahidi haki ilikuwa imekaa meza moja na waliowaua wapendwa wao.

Norway ilimutoa mushitakiwa mumoja mwezi wa kumi na mbili 2020, anakana. Mwaka 2025 majaji wa Paris waliamua watu sita wapelekwe mahakamani, na kisha kukafuata kukamatwa kwa yule muzee. Mawakili watauliza ni nani alishika bunduki. Swali la nani alilipa ni gumu zaidi, maana wenye nyumba watatu wa Abu Nidal hawako tena kujibu: Saddam aliondolewa mwaka 2003, Gaddafi mwaka 2011, na utawala wa Assad ukaanguka mwezi wa kumi na mbili 2024. Karatasi zao za upelelezi, zile ambazo hazikuungua, zimetawanyika.

Restora Goldenberg ilifunga milango mwaka 2006. Ku ukuta wake, rue des Rosiers, kuko kibao chenye majina ya wale 6.